Bunduki Ndogo ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alizaliwa Kasaji, kando ya reli. Baba yake alikuwa mwindaji aliyewalisha nyama wafanyakazi wa njia ya treni, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, alimfundisha binti yake kazi ile yote: kusoma nyayo, kunyamaza, kulenga. Haya niliyajua baadaye. Siku nilipoolewa na mwanawe nilimwona tu kama mjane mdogo wa mwili, bega la kuume limeshuka kwa sababu aliwahi kuanguka kutoka juu ya lori la makaa, mtu wa kusali kwa Wakatoliki siku ya Jumapili na kukaa kimya siku nyingine zote. Nilidhani ukimya ule ni woga. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, na mtu wa umri huo hudhani mengi.

Tuliishi Kolwezi, katika mojawapo ya nyumba za matofali ambazo kampuni ya migodi iliwajengea watu wake. Mume wangu alikuwa fundi umeme kwenye karakana, mimi nilifundisha darasa la tatu. Nchi wakati ule iliitwa Zaïre. Kampuni ndiyo iliyokuwa baba na mama yetu: ilitoa mshahara, gunia la unga kila mwezi, dawa, na hata balbu ikiungua tulikwenda kuomba nyingine. Kisha vitu vikaanza kukatika kimoja kimoja. Balbu zikaisha. Dawa zikaisha. Gunia la unga likawa nusu, na ile nusu ikawa ahadi. Pampu zikazimika na mashimo ya mgodi yakajaa maji. Mshahara ulipokuja, ulikuja umechelewa hivi kwamba ulitosha chumvi na sabuni tu. Wanaume walikaa mbele ya nyumba zao wamevaa nguo za kazi safi, wakingoja king'ora cha asubuhi ambacho kiliendelea kulia ingawa kazi haikuwepo.

Mama mkwe ndiye wa kwanza katika mtaa wetu kuacha kungoja. Alichukua jembe, akatoka kwa miguu kwenye barabara ya Lubudi, akarudi siku ya tatu akisema amepewa shamba na chifu mmoja wa huko. Alilima mahindi na mihogo. Mwaka wa kwanza kanga walifukua mbegu, wakaja ndezi, wale panya wakubwa wa porini, wakakata mabua machanga kama watu wenye mapanga. Tulivuna vikapu viwili. Jioni ile tukiwa tunakula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo, akaweka mkono juu ya meza na kusema:

"Mi minataka bunduki."

Mume wangu alicheka, kisha akaona mama yake hacheki.

"Mama, bunduki ya kufanya nini?"

"Ya kukula. Kanga banakula mbegu yangu. Basi na mi nitabakula bao."

Nyuma ya soko dogo kulikuwa na fundi wa bunduki mwenye kibali cha serikali, kimewekwa kwenye fremu ukutani karibu na picha ya Moyo Mtakatifu. Alikuwa mtu mrefu, miwani yake imefungwa na uzi. Watu walimwita Mukasai kwa sababu baba yake alitoka Kasai zamani sana kuja kufanya kazi kwenye reli, lakini yeye alizaliwa Kolwezi, akaoa Kolwezi, na Swahili yake ilikuwa ile ile yetu. Alitengeneza pia vitasa, cherehani na majiko ya mafuta. Nilimfahamu kwa sababu aliwahi kufungua kabati la shule lililopotelewa na ufunguo, akakataa malipo, akisema kabati lenye vitabu haliwezi kulipiwa.

Tulikwenda watatu. Mume wangu alikuwa amekwisha kuamua njiani. Alitaka kalibre kumi na mbili, bunduki ya mitutu miwili, kama waliyokuwa nayo wakubwa wa kampuni walipokwenda kuwinda. Fundi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia mama mkwe.

"Mama, unataka kuua nini?"

Lilikuwa swali la kwanza, kabla ya bei na kabla ya kibali. Niliona mama mkwe amelipenda, kwa maana alivuta kigoda akaketi.

"Kanga. Ndezi. Njiwa, kama njaa ni kali."

"Na nguruwe wa pori?"

"Nguruwe nitamuchimbia shimo. Mi sitafute nyama ya kugawia mutaa. Minatafuta nyama ya kuenea mu sufuria yangu."

Fundi akatabasamu. Akaingia ndani, akatoka na bunduki tatu, akazilaza mezani juu ya kitambaa. Ya kwanza ilikuwa hiyo kalibre, chuma chake kimechorwa ndege, imeachwa na Mzungu mmoja aliyeondoka kwa haraka. Ya pili ilikuwa ndefu, ya zamani, ya aina waliyobeba askari wa enzi za Wabelgiji, na kila risasi unaipandisha kwa kuinua mkono wa chuma na kuuvuta nyuma. Ya tatu alikuwa ameifunga katika mfuko wa unga. Alipoifungua, mume wangu alisema ni kitu cha kuchezea watoto.

Ilikuwa karabini ndogo, ya risasi zile nyembamba ambazo kwetu watu huziita vingt-deux, yaani ishirini na mbili. Mtutu wake haukuzidi unene wa kidole changu cha kati. Ilijipakia yenyewe: unavuta kifyatulio, inatema ganda, inapandisha risasi nyingine, wewe huna la kufanya ila kuvuta tena. Mbao yake ilikuwa na rangi ya chai, imekwaruzwa kidogo. Hapakuwa na urembo wowote.

Mama mkwe alisimama. Aliinua ile kalibre, akainyoosha mbele yake kwa mikono miwili, akaanza kusali kwa sauti: "Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe..." Hapo mtutu ukaanza kutetemeka. Akairudisha mezani. Ile ndefu ya askari haikupita hata "umejaa neema". Kisha akaichukua ile ndogo. Akasali Salamu Maria nzima mpaka amina, mtutu umetulia kama tawi siku isiyo na upepo, akaanza nyingine, akaikatiza katikati na kutugeukia.

"Baba yangu alipimaka hivi. Bunduki yenye haimalize sala mu mikono yako, itakosa nyama."

"Lakini mama," mume wangu alisema, "ile ya askari ni nguvu, na bei yake iko chini."

"Iko chini leo. Na risasi yake nitatoa wapi? Na huu mukono wa chuma, ona." Akaigiza kuinua mkono ule wa chuma, na tukaona bega lake bovu likikataa kupanda. "Kila risasi nitaliya. Hii ingine inajifanyia kazi, bega yangu inapumuzika."

Sikuwahi kusikia mtu akipima kitu kwa namna hiyo, kitu na mwili wake mwenyewe, bila aibu. Sisi wote mtaani tulikuwa tumezoea kuchagua kwa macho ya jirani.

Fundi angeweza kunyamaza hapo na kuuza. Badala yake alianza kuisema vibaya bidhaa yake. Alimwambia risasi ile ni ndogo, akimpiga nayo nguruwe atamkasirisha tu. Alimwambia vumbi ni adui yake, asipoisafisha itakwama siku ya njaa kuliko zote. Kisha akavua miwani.

"Na ubaya ya tatu ni hii, mama. Inapiga mbio. Mutu anafikiri bunduki njo inafanya kazi, kumbe ni jicho. Nimeona bantu banamaliza risasi kumi juu ya kanga mumoja, na kanga anaenda zake."

"Tata," mama mkwe akamwita kwa heshima, "baba yangu alinipatiaka risasi moja kwa siku. Nikikosa, tunakula majani."

Basi fundi akacheka kwa mara ya kwanza, kicheko cha mtu aliyekutana na wa kabila lake, nami sisemi kabila lile ambalo watu walianza kulitaja miezi michache baadaye.

Kabla ya kumpa, alimpima mkono kutoka kwenye kiwiko hadi kidole, akaweka alama ya kalamu kwenye kitako cha bunduki, akachukua msumeno na kukata mbao ya upana wa vidole viwili. Akaisugua sehemu iliyokatwa mpaka ikawa laini. Mume wangu aliuliza kama hilo halitaharibu thamani yake. "Thamani yake ni huyu mama," fundi alijibu bila kuinua kichwa.

Tulikwenda kuijaribu nyuma ya kilima cha mawe yaliyotolewa mgodini. Fundi alipanga makopo matatu ya nyanya. Mama mkwe alilala kifudifudi juu ya mkeka, akavuta pumzi, na makopo yakaanguka, moja, mbili, tatu, kwa mlio mdogo kama wa kijiti kikavu kinachovunjwa. Mume wangu aliyaokota, akatazama matundu, akayarudisha. Tangu siku ile hakuiita tena ya kuchezea watoto.

Noti wakati ule hazikuwa kitu, kwa hiyo mama mkwe alilipa kwa vikwembe, yaani vitenge. Alifungua sanduku lake, akatoa vikwembe sita ambavyo havijashonwa, alivyovitunza tangu marehemu mumewe yuko hai. Mke wa fundi, mama mnene wa kucheka, mwenye miguu iliyokuwa ikivimba, alivipokea kwa mikono miwili, akavigusa na shavu. Ofisi ya zone, wilaya yetu, iliandika jina la mama mkwe katika kitabu cha bunduki, na karani akauliza mara mbili kama kweli mwenyewe ni huyo mwanamke.

Miezi iliyofuata tulikula nyama wakati mtaa mzima ulikuwa umeisahau harufu yake. Nilikwenda naye shambani wakati wa likizo, na nikaona alichomaanisha. Aliketi mahali pamoja tangu umande, bunduki kwenye mapaja, hasogei hata nzi akitua usoni. Kanga walipokuja kwa mstari, wakajaa kwenye mbegu, alingoja bado. Kisha mlio ule mdogo. Mmoja akaanguka, wengine wakakimbia hatua chache wakasimama kutazama, kwa sababu mlio haukuwatisha, na hapo ndipo risasi ya pili ilipokuwa tayari bila yeye kusogeza hata kiwiko. Wawili wakitosha, aliacha. Hakupiga wa tatu hata siku moja mbele ya macho yangu. Kila Jumamosi aliipangusa kwa mafuta ya cherehani aliyopewa na fundi, akiwa amelaza vipande vyake juu ya meza yetu ya kulia kwa utaratibu ule ule, kama mtu anayepanga sahani.

Kisha yakaja yale.

Yalianza kwa maneno redioni na kwenye mikutano: kwamba watu wa Kasai wamekula kazi zetu, kwamba warudi kwao. Waliokuwa wakiambiwa warudi wengi wao walikuwa wamezaliwa katika hospitali ile ile niliyozaliwa mimi. Darasani kwangu madawati yakaanza kuwa wazi. Mkurugenzi wa shule akaniagiza kufuta majina, nami nikayafuta kwa rula na kalamu nyekundu, jina baada ya jina, kwa mwandiko wangu mzuri wa ualimu. Sikuuliza kitu. Mume wangu alipewa nafasi ya msimamizi wake aliyefukuzwa, akaipokea. Nayaandika haya kwa sababu nikimsifu mama mkwe bila kuyasema, nitakuwa nimejificha nyuma ya kikwembe chake.

Asubuhi tulipoona moshi wa nyumba ya kwanza iliyochomwa, barabara ya tatu kutoka kwetu, mama mkwe alifunga mlango, akaweka bunduki mezani ingawa haikuwa Jumamosi. Aliifungua. Akatoa ndani yake kichuma chembamba, kifupi kuliko kidole, ambacho fundi alikiita sindano: ndicho kinachogonga kitako cha risasi ili iwake. Akafunga tena kila kitu mahali pake. Kwa nje bunduki ilikuwa ile ile, na ukivuta kifyatulio ilisema "ta" kama kawaida. Ile sindano akaifunga kwenye pindo la kikwembe chake, mafundo mawili.

"Mama, unafanya nini?" nilimuuliza.

"Jina yangu iko mu kitabu ya zone. Batakuya."

Walikuja siku ya nne, vijana watano. Aliyewaongoza alikuwa mtoto wa mtaa wetu, mtu mzima wa miaka ishirini na tano hivi, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa ufundi kwenye kampuni. Alisalimia vizuri.

"Mama, tunajua uko na bunduki ya otomatiki. Inchi inaiomba."

"Inchi inataka kuua kanga?"

"Mama, usituchekelee. Kuko bantu banakatala kutoka mu manyumba."

Mama mkwe alimtazama usoni. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wa chumba.

"Mi sipatie muntu bunduki yangu juu ya kufukuza bantu," alisema taratibu. "Kama unaibeba, unaibeba kwa nguvu, na Mungu anakuona. Mama yako pia nitamwambia."

Yule kijana aliinamisha macho, lakini wenzake wanne walikuwa wakimtazama. Aliingia, akaichukua pale ilipotundikwa, pamoja na risasi. Mama mkwe hakumshika mkono. Walipotoka alikaa chini, akaniomba maji, akayanywa yote.

Wiki hiyo hiyo fundi na mkewe walitolewa nyumbani. Tuliwakuta kwenye kituo cha treni. Watu walikuwa wamejaa kuanzia jukwaani hadi kwenye nyasi za kando ya njia, wamelala chini ya mashuka yaliyofungwa kwenye vijiti, wakingoja treni ambayo ilikuja leo au haikuja wiki nzima. Walikuwa na milango waliyong'oa kwenye nyumba zao, cherehani, picha za arusi. Watoto waliharisha. Mama mkwe alikwenda kila siku ya pili na bukari iliyofungwa kwenye majani, na kanga waliokaushwa aliowabakiza darini. Watu wa mtaa wetu walituona tukipita na hawakutusalimu. Aliwasalimu yeye.

Fundi alikuwa amejenga kibanda cha vikwembe viwili, katika vile alivyolipwa na mama mkwe, na mkewe alilala ndani, miguu imevimba mpaka magotini. Siku moja tukiwa tumeketi nao mchana, nikaona wale vijana wanakuja kati ya watu, na yule wa kwanza amebeba bunduki ya mama mkwe.

Walimjua fundi; Kolwezi nzima ilimjua. Yule kijana hakututazama. Aliweka bunduki magotini mwa fundi.

"Tata fundi, hii kitu inakatala kulia. Tengeneza. Kesho kuko treni. Ukitengeneza, we na mama mutapanda mu vagon yenye iko na paa na kiti. Nimeongea na bakubwa."

Mabehewa mengine yote yalikuwa ya wazi, ya kubebea madini. Mvua ilikuwa imeanza.

Fundi aliivuta bunduki karibu na miwani yake. Aliona kitako kifupi, vidole viwili alivyovikata mwenyewe. Aliifungua kwa mikono ile ya pole, akatazama ndani. Nami niliyekuwa nimemwona mama mkwe akiifungua mezani nilijua anachokiona: pahali pa sindano pametolewa kitu kwa uangalifu, na kila kipande kimerudishwa vizuri. Hakuna bunduki inayoharibika kwa usafi ule. Na kila mtu alijua fundi yule anaweza kuchonga sindano kutoka kwenye msumari kwa nusu siku. Alikuwa amebeba tupa zake zote katika mfuko.

Akainua macho, si kwa mama mkwe, bali kwa mkewe mle ndani ya kibanda. Mama yule alikuwa akitazama. Sindano ilikuwa hatua tatu kutoka kwa fundi, kwenye pindo la kikwembe cha mama mkwe. Mama mkwe aliendelea kugawa bukari.

"Imekufa," fundi alisema. "Chuma ya ndani imepasuka. Ukiweka risasi, itakupasukia ku uso."

"Hauwezi kufanya ingine?"

"Ningekuwa na mashini ya Ulaya. Hapa, hapana."

"Fundi, fikiri. Ni vagon ya paa. Mama ni mugonjwa."

"Nimeona kama ni mugonjwa. Bunduki imekufa."

Mmoja wa wale vijana akampiga kofi, miwani ikaruka. Yule wa mtaa wetu akamzuia mwenzake, akachukua bunduki, wakaondoka. Niliokota miwani. Uzi ulikuwa umekatika, nami nikaufunga tena. Kisha mama mkwe akamwekea fundi chakula mbele yake, akapiga magoti wakati wa kukiweka, jinsi mwanamke wa kwetu anavyomwekea baba yake mzazi.

Waliondoka keshoye katika behewa la wazi. Tuliwafunika kwa turubai tuliyoipata kwa transporta mmoja wa malori, Mwislamu, mtu wa asili ya mashariki, ambaye aliikata kutoka kwenye lori lake mwenyewe mvua ikinyesha.

Bunduki ilirudi. Wale vijana waliichoka, wakaitupa kwenye ofisi ya zone, na kwa kuwa ilikuwa imeandikwa, ajuda mmoja, ofisa wa polisi, akamwita mama mkwe aje kuondoa chuma chake kibovu. Aliiacha bila sindano mwaka mzima. Mahindi yaliliwa na kanga, nasi tulikula majani. Mume wangu alipomwomba airudishe ile sindano, alisema: "Wakati bantu banapoa." Walipopoa, aliirudisha, na watoto wangu watatu walikua kwa nyama ya bunduki ile.

Mimi nilionana na fundi tena baada ya miaka kumi na zaidi. Nilitumwa Kasai kwenye mafunzo ya walimu, nikauliza mji kwa mji, mpaka nikaelekezwa kwenye kibanda cha kutengeneza baiskeli karibu na kituo. Nywele zilikuwa nyeupe. Alinitambua kwa sauti. Baada ya chai niliuliza habari za mama, mkewe.

"Alikufa mu njia," alisema. "Siku ya tano. Tulimuzika kando ya reli, pahali treni ilisimama kuchukua maji."

Sikuweza kumtazama. Nikasema lile ambalo nilikuwa nimelibeba miaka yote, kwamba angetengeneza ile bunduki, mkewe angekuwa na paa.

"Mwalimu, sikia. Usiku ile ku kituo nilimuomba mukewangu musamaha. Alinijibu: 'Ungeitengeneza, ningeshuka mu hiyo vagon yako na miguu yangu hii.'" Akazungusha gurudumu la baiskeli lililokuwa mbele yake, akasikiliza mlio wake. "Alikuwa mutu wa kucheka sana. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Niliporudi Kolwezi nilimweleza mama mkwe kila kitu, tukiwa tumeketi uani. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu: jina la kituo kile kidogo ambapo treni ilisimama kuchukua maji. Nililiandika kwenye karatasi, kama fundi alivyonitajia.

Wakati wa kiangazi alivaa nguo nyeusi, akajitwika unga kilo tano kichwani, akapanda treni peke yake. Wakati huo alikuwa amekwisha kupita miaka sabini. Mume wangu alitaka kumsindikiza, akakataliwa. Fundi, ambaye nilikuwa nimemwandikia barua, alikuja kutoka upande wake, wakakutana pale kando ya reli, na watu wa kijiji wakawaonyesha mahali. Alikaa msiba siku tatu, akalala chini kama ndugu wa marehemu anavyopaswa kulala. Aliporudi alikuwa amechoka, miguu imejaa vumbi jekundu. Nilimchotea maji ya kuoga, akaoga, akala, akalala mpaka saa sita mchana siku ya pili.